Kilo Moja ya Kopa Huku Usambara

Mhadhara kwa wananchi, Lushoto mjini



Nimeombwa nizungumzie kupanda kwa bei ya shaba duniani, na ninaomba tuanzie dukani. Mtu anayejenga nyumba ya kawaida hapa milimani hununua kebo ya umeme. Chukueni roli la mita 100, ile kebo ya 2.5 yenye waya wa moto, nyutro na waya wa ardhi. Ichuneni plastiki yote, mpime kinachobaki. Mtapata shaba inayokaribia kilo 6. Mwaka 2002, katika Soko la Metali la London ambako dunia nzima huangalia bei, tani moja ya shaba ilikuwa kama dola 1,500. Shaba ya roli lile ilikuwa na thamani ya dola 9. Mwaka 2011 tani ilivuka dola 10,000, ikashuka hadi chini ya 4,500 mwanzoni mwa 2016, ikapanda tena kupita 11,000 Mei 2024, na Desemba 2025 ikavuka 12,000. Kwa bei hiyo, shaba ya roli lile lile ni dola 72. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, tunazungumzia shilingi 180,000 za shaba tupu, kabla kiwanda hakijaivuta kuwa waya, kabla ya meli, ushuru, VAT, faida ya Kariakoo na nauli ya kupandisha mzigo kutoka Mombo.

Sasa kumbukeni kwamba kuunganishiwa umeme vijijini chini ya mpango wa REA kuliwekwa kuwa shilingi 27,000. Nauheshimu sana uamuzi ule. Umefikisha umeme mahali ambapo wazazi wetu hawakudhani ungefika. Lakini zile 27,000 zinaufikisha umeme kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, mwenye nyumba anajitegemea, na humo ndani ndimo shaba, hii tunayoiita kopa, ilimo. Ndiyo maana mnaona nyumba kijijini yenye nguzo mlangoni na kibatari mezani. Kile kifaa cha Umeme Tayari, UMETA, kilibuniwa kwa ajili ya watu hao, ili nyumba ndogo ipate taa na soketi bila kutandaza nyaya chumba kwa chumba. Kadiri shaba inavyopanda, ndivyo UMETA inavyozidi kuwa na maana, na ninashangaa kwamba wengi hapa hawajawahi kuiulizia.

Kwa nini imepanda? Kwa ufupi, dunia inataka umeme kwa kila kitu, na umeme hupita kwenye shaba. Gari la umeme hubeba shaba mara tatu au zaidi ya ile iliyomo kwenye gari la petroli. Majengo yanayohifadhi kompyuta za akili unde yanakula shaba kwa tani nyingi. Upande wa migodi, mawe yenye shaba nyingi yamepungua, na mgodi mpya huchukua miaka mingi kabla haujatoa kitu. Hapo hapo mabalaa yakafuatana. Mwishoni mwa 2023 mgodi mkubwa wa Panama ulifungwa. Mei 2025 ardhi ilitikisika katika mgodi wa Kamoa-Kakula nchini Kongo na maji yakaingia chini. Septemba mwaka huo tope liliporomoka ndani ya mgodi wa Grasberg, Indonesia, na kuua wachimbaji. Bidhaa ikipungua sokoni huku wanunuzi wakiongezeka, bei hupanda. Hilo halihitaji profesa, mama anayeuza karoti pale sokoni analijua.

Kuna jambo moja linaloniuma katika habari hii. Shaba haikuanza kupita kwetu jana. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mfanyabiashara aliyetoka pande za Unyamwezi, alihamia Katanga, akajenga makao yake Bunkeya na kutawala nchi ya shaba mpaka alipouawa mwaka 1891 na msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs. Katika miaka ya 1970 tulijenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hasa ili shaba ya Zambia ipate njia isiyopita kwa makaburu. Masikini Zambia: bei ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka 1974, na reli ilipokabidhiwa Julai 1976 mzigo ulioijengewa haukuwa tena na thamani ile. Kwa hiyo tukilalamika leo, tukumbuke kuwa jirani zetu wameomba kwa miaka hamsini bei hii ifike.

Kongo sasa inachimba zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka, ya pili duniani baada ya Chile. Sehemu kubwa ya shaba ya Kongo na Zambia inaingia Tunduma ikiwa mabamba mekundu juu ya malori, inateremka hadi bandari ya Dar es Salaam, inapanda meli. Baada ya miezi inarudi ikiwa mota, rejeta, transfoma na maroli ya waya. Tunainunua kwa bei ya London. Ikichakaa tunaiuza kwa bei ya mizani ya kibanda cha skrepa, ambayo anaipanga mwenye mizani. Chuma kile kile kinapita mikononi mwetu mara mbili, na mara zote mbili sisi ndio tunaopunjwa. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo, kwa sababu bei ya London hatuna uwezo nayo, lakini hizo mara mbili zina mambo yaliyo mikononi mwetu.

Turudi dukani. Bei ikipanda, anayetaka kuuza rahisi hutafuta pa kupunguza, na waya ni kitu rahisi kupunguza kwa sababu mnunuzi haoni ndani. Kuna waya ulioandikwa 2.5 ambao ukiupima ni mwembamba kuliko maandishi yake. Kuna mwingine, huo ndio mbaya zaidi, ambao ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwa macho ni mwekundu na unang'aa. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya vile shaba inavyopitisha kwa unene ule ule, kwa hiyo waya huo hupata moto mapema. Tena alumini ikibanwa na skrubu hulegea polepole, na juu yake hufanya ukoko unaozuia umeme. Kiungo kinaanza kuchemka. Soketi inageuka rangi ya kahawia pembeni, chumba kinanuka plastiki, na mwenye nyumba anasema ni pasi. Nyumba zetu nyingi hapa zina dari za mbao. Sihitaji kuendelea.

Kwa hiyo nendeni dukani na wembe. Kwangueni ncha ya waya: ukiwa mweupe chini ya wekundu, rudisheni. Roli la waya mmoja mmoja wa 2.5, mita 100, lina shaba peke yake inayozidi kilo 2. Likiwekwa kwenye mizani na lisifike hata kilo 2 pamoja na plastiki yake, hakuna cha kubishania. Tafuteni alama ya TBS, na fundi wa kufunga umeme mwulizeni leseni yake ya EWURA bila kuona haya. Wenye maduka mliopo humu, najua nanyi huuziwa feki Kariakoo bila kujua. Wembe huo huo unafanya kazi hata kwenye duka la jumla.

Nilikaa siku moja katika karakana ya fundi anayesuka mota hapa hapa mjini. Mezani ilikuwapo mota ya mashine ya kusaga kutoka kijiji kimoja cha juu. Alikuwa amekata vichwa vya koili kwa tindo, anang'oa nyaya kutoka kwenye mifereji ya chuma fungu kwa fungu. Zilikuwa nyeusi, varnishi imeungua na kubanduka, lakini ukikwangua kidogo kwa ukucha wekundu unatokea. Kila fungu alihesabu mizunguko yake, akaandika kwenye daftari la shule, kisha akalitupa kwenye ndoo. Alinieleza kwamba zamani katika kazi kama ile ujira ulikuwa mkubwa kuliko waya. Siku hizi waya mpya, unaouzwa kwa kilo, ndio unaokula pesa, na mteja akisikia bei huondoka na mota yake ikiwa imefunguliwa nusu. Wengine huomba awasukie kwa waya wa alumini. Mota inazunguka, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko ya mwanzo na haikawii kuungua tena.

Nikamwuliza mota ile iliungua kwa nini. Ilikuwa ni mota ya fezi tatu, fezi moja ikakatika, mota ikabaki inanguruma bila kuzunguka mpaka ikajipika. Na jambo hilo linatupeleka barabarani, chini ya transfoma.

Wengi wanadhani waya zote zile juu ya nguzo ni kopa. Sivyo. Nyaya zinazotembea nguzo hadi nguzo vijijini karibu zote ni alumini, kwa sababu alumini ni nyepesi na nafuu. Shaba iko kwenye transfoma yenyewe, ndani ya mafuta, na kwenye ule waya unaoshuka pembeni ya nguzo kuingia ardhini. Mwizi akishindwa kufungua transfoma hukata huo waya wa ardhi. Anapata kilo moja, labda mbili. Kwa macho ya mpita njia hakuna kilichotokea, taa bado zinawaka, kijiji kinalala.

Waya ule unafanya kazi mbili kubwa. Milima yetu ina radi, hasa masika inapoanza. Radi ikipiga kwenye laini, ule waya ndio njia yake ya kushukia udongoni. Usipokuwepo, radi inatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni transfoma na nyumba zenu. Kazi ya pili ni kuishikilia nyutro mahali pake. Nyutro ikipoteza ardhi kisha ikakatika, fezi zinaanza kuvutana zenyewe kwa zenyewe, na nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupata inayokaribia 400. Friji, televisheni, chaja za simu, balbu, vyote vinakwenda kwa pamoja. Hapo ndipo mnasikia kwamba umeme umekuja mkubwa. Na kijiji kikikosa transfoma, mnaowaona wameinamia mzigo wa mahindi kwenye mteremko kwenda kusaga kijiji cha pili ni mama zetu na dada zetu. Zahanati nayo ina friji ya chanjo.

Kwa hiyo anayesema mwizi wa kopa anaiibia TANESCO hajui hesabu. Anaibia kijiji kizima vitu vya mamilioni ili apate pesa ya kilo moja, tena kwa bei ya kibandani. Reli yetu mpya ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, haikumaliza hata mwaka kabla nyaya zake hazijaanza kuibwa na watu kufikishwa mahakamani. Sheria inaruhusu makosa ya namna hii kushtakiwa kama uhujumu uchumi, na mimi naona ni sawa.

Wakulima, najua mnangoja zamu yenu, maana mnadhani haya ni ya mafundi. Dawa ya mrututu ni shaba. Ule unga wa buluu mnaouchanganya na chokaa kupulizia nyanya na viazi, robo ya uzito wake ni shaba tupu. Zile dawa nyingine za kopa za kwenye pakiti, nyingi ni nusu kwa nusu. Na sehemu kubwa ya mrututu duniani hutengenezwa kwa kuyeyusha shaba chakavu kwenye tindikali. Bei ya waya na bei ya dawa ni ndugu wa damu.

Historia yake inafaa kusimuliwa. Ufaransa, upande wa Bordeaux, wakulima wa zabibu walikuwa wakiibiwa na wapita njia. Wakachanganya mrututu na chokaa, wakanyunyizia mistari ya mizabibu iliyo kando ya barabara ili ionekane imetiwa sumu. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea, Millardet, akaona kwamba mizabibu ile ya kando ya barabara haikuugua ukungu, ya ndani imekwisha. Mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo kwa dunia. Kipimo kinachotumika sana siku hizi ni hiki: kilo moja ya mrututu, kilo moja ya chokaa, lita 100 za maji.

Mkiichanganya, tumieni ndoo ya plastiki, kwa sababu mrututu hula chuma. Yeyusheni mrututu peke yake, chokaa peke yake, kisha mimineni mrututu polepole kwenye maji ya chokaa huku mtu anakoroga. Rangi itakuwa ya anga. Halafu chukua msumari safi, uutumbukize kwa dakika moja. Ukitoka mwekundu, ile ni shaba imeganda juu yake, maana yake chokaa haijatosha na dawa hiyo itaunguza majani. Ongeza chokaa mpaka msumari utoke kama ulivyoingia.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu bei inapopanda nawaona wakulima wakifanya mojawapo ya mambo mawili. Wako wanaopunguza kipimo, na bakajani ya huku kwetu kwenye ukungu wa asubuhi haisamehi. Shamba la viazi huisha kwa wiki. Wako wanaopuliza kwa hofu kila mvua inapokatika. Nao wanapoteza, kwa sababu shaba haiozi. Inakaa kwenye udongo mwaka hadi mwaka na ikizidi inaua viumbe wadogo wanaoupa udongo uhai. Ulaya wamewawekea wakulima ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba. Kwenye vishamba vyetu vya ngazi, vinavyolimwa mboga misimu mitatu kwa mwaka, ningependa bwana shamba awe anauliza swali hilo. Ondoeni majani yaliyougua, wekeni nafasi ya kupita upepo, badilisheni zao, chagueni mbegu inayostahimili. Mtaokoa mrututu mwingi kuliko mtakavyookoa kwa kubishana bei na mwenye duka. Na wafugaji wanaoosha kwato za ng'ombe kwa mrututu, maji yale msiyamwage mferejini.

Nimebakiza vijana wa skrepa. Sitaki mtu atoke humu akidhani nawalaani. Shaba ikiyeyushwa hairudi nyuma kwa ubora, unaweza kuifanya waya mpya hata mara mia, na kuiyeyusha kunatumia nishati kidogo sana kuliko kuchimba upya. Kijana anayezunguka na gunia kununua rejeta lililokufa na mota iliyoshindikana anafanya kazi ya maana. Hata Wajerumani, walipozingirwa mwaka 1916, waligonga sarafu za heller kwenye karakana ya reli huko Tabora kwa shaba na vyuma walivyookoteza. Ninachokataa ni mambo mawili. La kwanza ni kuchoma nyaya mabondeni ili plastiki itoke. Moshi ule una tindikali inayounguza mapafu na sumu za daiksini zinazokaa mwilini kwa miaka mingi, na wanaoupuliza mara nyingi ni watoto. Tena kopa iliyoungua hununuliwa chini ya ile safi. Kisu na uvumilivu vinalipa zaidi.

La pili ni kununua bila kuuliza. Mwizi wa kopa hawezi kuila wala kuivaa. Anaiba kwa sababu anajua nani atainunua usiku huo. Jirani zetu wa Kenya walipopata giza la nchi nzima tarehe 11 Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na kuanguka, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu siku chache baadaye. Ilipofika Mei wakaifungua, kwa masharti ya leseni. Mimi naona waliishia pazuri zaidi kuliko walipoanzia. Marufuku inawanyang'anya ugali waaminifu na kuwaachia biashara wale wa usiku. Leseni na daftari vinamfanya mnunuzi awe na cha kupoteza.

Kwetu, mkusanyaji wa chuma chakavu anatakiwa kuwa na kibali cha NEMC. Basi nawaomba wenyeviti wa vijiji na watendaji mliokuja: kila mwenye mizani katika kijiji chenu aonyeshe kibali hicho, na awe na daftari lenye jina la aliyemuuzia, simu yake, uzito, na kopa ilitoka kwenye nini. Daftari lisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Na kila kitongoji chenye transfoma kichague watu wawili wa kuitazama kila asubuhi: mlango umefungwa, mafuta hayavuji, waya wa ardhi upo kuanzia juu mpaka unapozama udongoni. Mkikuta umekatwa, msiuguse wala msijaribu kuuunga. Ambieni nyumba zote wachomoe vyombo vyao, wapigieni simu TANESCO saa hiyo hiyo, kisha mwenyekiti akaombe kuona daftari la mwenye mizani.